Marinda ya Plamedi

Katika harusi ya Fiston nilikalishwa meza ya wageni waliotoka mbali, na kabla sahani hazijafika bwana harusi mwenyewe aliiacha meza yake ya heshima, akamwacha bibi harusi akitabasamu peke yake mbele ya wapiga picha, akavuta kiti karibu nami ili tumalize ubishi tuliouacha tangu mwaka 2017. Ubishi wenyewe ulihusu rangi ya gari. "Prof," alisema, huku leso ya mfukoni mwake ikiwa imekunjwa kwa ustadi ambao sijauona kwa mtu mwingine, "ile gari ilikuwa bluu. Bluu ya bahari." Nikamjibu, kwa upole unaomstahili mtu siku ya harusi yake, kwamba lilikuwa la kijani. "Kijani! Mimi, Fiston, naweza nunua gari ya kijani na niko na kositimu ya bluu?" Hoja hiyo ilikuwa na uzito wake, kwa sababu ni kweli tupu kwamba Fiston alilinunua gari lile ili lioane na suti yake, na ni kweli pia kwamba alilinunua kabla hajajua kuendesha. Mke wake mpya alikuja kumchukua kwa kumshika sikio, wageni wakashangilia, nami nikabaki na sahani ya wali na mwaka mzima wa ujana wangu ukiwa umefunguka mbele yangu kama kitambaa kilichokung'utwa.

Habari za ukoo wangu na za utoto wangu Tanga nitaziruka. Msomaji hatapungukiwa na kitu. Inatosha kusema kwamba nilikwenda Johannesburg kusoma miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, kazi ambayo kiini chake ni kulinganisha nakala za utenzi mmoja, neno kwa neno, hadi mtu ajue mahali ambapo mnakili mmoja ameachana na mwenzake na kwa nini. Kazi hiyo humfanya mtu awe mwangalifu na pia humfanya awe mzigo kidogo kwa anaoishi nao. Niliishi na Mama Plamedi, dada mkubwa wa Fiston, mshonaji kutoka Lubumbashi, aliyekuwa na nyumba ya vyumba vitatu ghorofani huko Yeoville na aliyenipangisha kile kidogo kilichotazama ukuta wa jirani. Jina langu ni Mwanahawa, lakini katika nyumba ile hakuna aliyelitumia. Nilikuwa Prof kwa Fiston, Dada Prof kwa dada yake, na kwa Plamedi, binti yake, nilikuwa Pofu, kwa kuwa ulimi wake ulizikimbia konsonanti mbili zilizofuatana. Wageni wa Kitanzania walipolisikia jina hilo walinionea huruma, mimi ninayeona vizuri.

Sebule yao naikumbuka kuliko chumba changu. Kulikuwa na cherehani mbili chini ya dirisha, pazia lililokata kona moja kuwa mahali pa wateja kujaribia nguo, na meza ndefu ambayo ilikuwa ya kupigia pasi mchana kutwa na ikawa ya kulia chakula jioni. Kwa hiyo tulikula bukari, yaani ugali wa kwao, na sombe ya majani ya muhogo na samaki wa kukaangwa tukiwa tumebanana upande mmoja, kwa sababu upande wa pili kulikuwa daima na gauni la mtu lililokuwa likipoa. Kuku tulimnunua kwa Msomali wa mtaa wa pili kwa ajili yangu, achinjwe kwa halali, na baada ya mwezi mmoja wote waliungama kwamba kuku wa Kiislamu alikuwa mtamu zaidi, ingawa Fiston alisema sababu ni moto wa dada yake, dini haihusiki. Nilikuwa nikikaa na miswada yangu karibu na pazia na kusikia yote yaliyosemwa nyuma yake. "Punguza hapa kiuno, Mama Plamedi." "Kiuno hakipunguzwi na mashini, mama. Kinapunguzwa na bukari." "Unanitukana?" "Mimi napima tu. Mwili wako njo unakutukana." Wateja hawakukasirika. Walirudi tena na kitambaa kingine, na viuno vilevile.

Plamedi alikuwa na umri wa miaka kumi. Alizaliwa na hali ambayo madaktari huiita Down, na kila aliyemwona aliitambua usoni mwake kabla hajatambua kitu kingine. Alikuwa mfupi kwa umri wake, mwenye vidole vifupi vyenye ufundi wa ajabu. Alisema maneno machache, akiyachota katika Kiswahili, Kiingereza na Kizulu bila kuuliza ruhusa. Na alikuwa mtoto msafi kuliko watoto wote niliowahi kuwaona. Kila asubuhi mama yake alimvisha gauni la shule lenye marinda ambalo lilikuwa limelowekwa katika maji ya wanga jana yake na kupigwa pasi alfajiri, rinda kwa rinda, mpaka likasimama lenyewe. Nikiwa mtu wa kuuliza, niliuliza kwa nini mtoto anayekwenda kupaka rangi na kula mtindi apelekwe shule kama waziri. Mama Plamedi hakuinua macho kutoka kwenye pasi, akanijibu kwa Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho watu huitwa batu. "Dada Prof, batu banamuangalia. Tangu alizaliwa banamuangalia, mu taxi, mu soko, mpaka mu kanisa. Mimi siwezi kukataza macho ya batu. Basi, baangalie nguo kwanza. Bakimaliza kuangalia nguo bamechoka, banaenda." Sijawahi kusikia falsafa ya mavazi iliyotungwa kwa maneno machache kuliko hayo, na wakati ule sikujua kwamba ndiyo ingetutia sote matatani.

Matata yalianza pale dereva wa basi dogo la shule, mzee mpole wa Soweto aliyeitwa na watoto Mkhulu, yaani Babu, alipopanda ngazi zetu zote akihema ili kusema kwamba hawezi tena. Plamedi alikuwa akijifungua mkanda. Si mara moja moja. Kila siku, na mahali popote, hata gari likiwa katika mwendo. Alibonyeza kitufe chekundu, akasimama, akajinyoosha, akakaa tena bila mkanda, akitulia kama mtu aliyemaliza wajibu. "Eish, Mama," alisema Mkhulu, akiikunja kofia yake, "mimi nampenda. Lakini nikipiga breki nitamwokota kwenye kioo." Siku chache baadaye tuliitwa shuleni, mimi nikiwa mkalimani, na mwalimu mkuu akatueleza kwa heshima yote kwamba shule haiwezi kumsafirisha mtoto asiyefungwa mkanda, wala haitampokea getini akiwa ameshushwa na mtu asiyemfunga. Kama hadi mwisho wa muhula asingekuwa akisafiri salama, wangempendekezea nafasi katika shule ya bweni, mbali, mji mwingine, ambako angekuwa anarudi nyumbani wakati wa likizo tu. Nililitafsiri neno bweni. Mama Plamedi aliniomba nilirudie, na tulipofika nyumbani alikaa kwenye cherehani na kushona pindo la pazia lisilokuwa la mtu yeyote.

Hivyo ndivyo gari la Fiston, lililokuwa limeegeshwa barabarani kama pambo na kuoshwa kila Jumapili, lilivyopata kazi. Fiston alikuwa mlinzi wa usiku katika jengo moja la Sandton, alikwenda na kurudi kwa usafiri wa kampuni, na wakati wa shule alikuwa bado langoni kwake akiwasalimia wafanyakazi wa benki waliovaa vibaya kuliko yeye. Leseni nilikuwa nayo mimi peke yangu. Mtaalamu wa shule aliyeshughulikia namna watoto wanavyokaa, wanavyokula na wanavyosafiri, mwanamke mnene wa Kizulu tuliyemwita Bi Nomvula, alikuja kutufundisha kwanza: Plamedi akae nyuma, juu ya kiti kidogo cha kumwinua, mkanda upite katikati ya bega wala si shingoni, na chini ukae juu ya nyonga, si tumboni. Jirani mmoja alipopendekeza tumfunge kwa kitenge juu ya kiti, jinsi watoto wanavyofungwa mgongoni, Bi Nomvula alisema kwamba siku gari litakaposhika moto angependa kuona nani anafungua fundo hilo. Jirani akakumbuka ana chungu motoni.

Asubuhi ya kwanza hatukuvuka roboti ya pili, kama taa za barabarani zinavyoitwa kule. Niliisikia sauti ya mkanda ukifunguka, nikawasha taa za hatari, nikasimama kando, nikashuka, nikamfunga, nikamweleza kwa sentensi fupi na zilizopangwa vizuri kuhusu kasi, uzito na kioo. Plamedi alinisikiliza kwa makini, akanipapasa shavu, akasema, "Sharp, Pofu," yaani sawa. Roboti ya tatu alijifungua tena. Kanuni yangu ilikuwa kwamba gari haliendi mkanda ukiwa wazi, na kanuni hiyo niliishika mpaka madereva wote wa taxi, daladala za kule, wa njia ile wakanijua. "Hamba, sisi! Nenda! Umekuja kuuza gari hapa?" walinipigia kelele, sisi kwao ikiwa ni dada. Mmoja alizoea hata kunisalimia: "Leo umesimama mara ngapi, sisi?" Tulifika shuleni baada ya uji kuliwa na wimbo wa asubuhi kuimbwa, na Bi Nomvula, akiwa getini, aliitazama saa yake, kisha akanitazama mimi, na katika maisha yangu ya usomi sijawahi kupata mapitio makali kuliko hayo.

Kila mtu alikuwa na dawa. Pasta wa kanisa lao alishuka barabarani na waumini kadhaa, akaomba nikae kwenye usukani na kuwasha injini ili maombi yafike mpaka kwenye mota, kisha akakipaka kifungio cha mkanda mafuta ya upako kwa ukarimu mkubwa. Waumini walisema amina, nami nikasema amina, kwani dua ni dua. Kesho yake kifungio kilichokuwa kikihitaji kubonyezwa kwa nguvu kilifunguka kwa kuguswa tu, na ilinichukua sabuni na mswaki wa zamani kukirudisha katika imani yake ya kwanza. Fiston, siku yake ya mapumziko, alijitolea kukaa kando ya mpwa wake akiwa na sare kamili ya ulinzi. "Prof, hii ni kazi yangu. Nachunga benki, nitashindwa mutoto?" Alilala kabla hatujatoka Yeoville, kama anavyolala mtu aliyezoea kukesha, na tulipofika shuleni Plamedi alikuwa amejifungua mwenyewe na amemfungua na mjomba wake pia, na kwa wema wake alikuwa amemnyooshea tai. Bi Nomvula alileta kifuniko cha plastiki kinachokizuia kidole kukifikia kitufe. Kilifanya kazi mpaka Plamedi alipogundua kwamba ncha ya rula ya shule hupenya. Alinionyesha ugunduzi huo kwa fahari, gari likiwa limesimama kwenye roboti, na nadhani alitarajia pongezi.

Nikiyatazama mambo hayo sasa, naona kwamba sote tulikuwa tumekubaliana, bila kuambizana, juu ya jambo ambalo hakuna aliyelichunguza: kwamba mtoto alitaka kutoka. Tulizungumza juu yake kama wafungwa wanavyozungumziwa na askari. Lakini mtu anayetaka kutoka huenda mlangoni, na Plamedi hakuwahi hata siku moja kuugusa mlango. Ilikuwa siku ya Jumatano nilipofika shuleni nikiwa sijasimama njiani hata mara moja, na furaha yangu ilikuwa kubwa kiasi kwamba nilimsifu mtoto, nikaisifu redio, na kimoyomoyo nikajisifu mimi. Alhamisi akajifungua kama kawaida. Jumatano iliyofuata akakaa kimya tena, mikono mapajani. Hapo ndipo kazi yangu ya miswada iliponifaa kwa mara ya kwanza nje ya maktaba, maana nilikuwa nimefundishwa kwamba nakala mbili zikilingana katika kila neno isipokuwa moja, basi neno hilo moja ndilo la kukaa nalo. Njia ilikuwa ileile. Redio ileile, na dereva yuleyule. Nilimtazama kwenye kioo mpaka nikakumbuka kwamba tangu wiki iliyotangulia Jumatano ilikuwa imefanywa siku ya michezo, na siku ya michezo Plamedi huvaa traksuti.

Siku ya Alhamisi nilimtazama kwa macho mapya. Nilimfunga mkanda, nao ukakaa mahali ulipotakiwa, bapa juu ya nyonga, na chini yake marinda yakakunjamana. Plamedi aliyaangalia. "Haibo," alisema kwa uchungu, sauti ya mtu aliyeona mwiko ukivunjwa. Tulipofika roboti alijifungua, akasimama kidogo, akayalaza marinda moja baada ya jingine kwa kiganja, kutoka kiunoni hadi magotini, jinsi alivyomwona mama yake akifanya kila alfajiri ya maisha yake. Kisha akakaa kwa uangalifu, akauchukua mkanda, akautazama, na akauachia urudi pembeni kwa sababu hakuona namna ya kuuvaa bila kuharibu kazi. Huyu hakuwa mtoto mkaidi. Alikuwa mtoto mtiifu kuliko wote, ila alikuwa akitii amri iliyotangulia yetu.

Jioni ile, tukiwa upande wetu wa meza na koti la mteja likipoa upande wa pili, niliwaeleza. Nilianza, kama ilivyo desturi yangu, kwa utangulizi, na Fiston akaniomba nifike kwenye samaki. Nikasema basi: Plamedi avae traksuti kila siku. Kijiko cha Mama Plamedi kilisimama hewani.

"Kila siku?"

"Kila siku ya gari, Mama Plamedi."

"Trening? Lundi?" aliuliza Fiston, akiitaja Jumatatu kwa Kifaransa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa azikwe na kandambili. "Prof, mu Lubumbashi mutoto wa mushonaji akivaa trening lundi, wateja banajua mashini imekufa."

"Ni salama yake, Fiston."

"Salama, sawa. Lakini binadamu iko na heshima pia!"

"Wewe nyamaza," dada yake alimwambia, "wewe ulinunua gari juu ya rangi." Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Dada Prof, ukitembea wewe, batu banaona nini? Banaona mwanamke. Kama umevaa vibaya banasema, huyu mwanamke amevaa vibaya. Plamedi akivaa vibaya hawasemi amevaa vibaya. Banasema, ona, ndiyo vile baliko. Trening inamuvua mara mbili." Alisukuma sahani. "Na mukinipeleka mutoto kule kwa bweni, nani atapiga pasi? Eh? Niambie nani."

Kwa siku kadhaa tulikula tukizungumzia bei ya vitambaa. Nilikuwa na hakika kwamba nilikuwa sahihi kuhusu mkanda na kwamba yeye alikuwa sahihi kuhusu macho ya watu, na hakuna jambo linalochosha kama kuishi nyumba moja na watu wawili walio sahihi, hasa mmoja wao anapokuwa wewe. Njia ya kutokea ilipatikana sokoni. Mama Plamedi alimwona bibi harusi akipanda gari akiwa amevaa jinzi, na gauni lake likimfuata kwenye hanga, limeshikwa na shangazi kama mtoto mchanga. Alirudi nyumbani akatangaza bila kunitazama kwamba Plamedi angesafiri na traksuti na gauni lingesafiri lenyewe, na kwamba angevaa shuleni, kabla ya kuonekana. Alilitangaza jambo hilo kana kwamba alikuwa amelipigania kwa muda mrefu dhidi ya mtu mwingine.

Gauni likawa abiria. Tulilitundika kwanza kwenye ndoano ya dirisha la nyuma, nalo likanizibia kioo. Mwishowe likapewa kiti cha mbele, hanga likiwa limeshikizwa kwenye mto wa kichwa, sketi ikiwa imetandazwa kitini kwa namna ambayo, ukiwa mbali, ungedhani naendesha mwanamke mwembamba asiye na kichwa. Nilijaribu kulifunga mkanda. "Hapana," alisema Plamedi kutoka nyuma, na mantiki yake haikuwa na nyufa: mkanda hukunja. Lakini mradi gauni lilikuwa pale, limenyooka, mbele ya macho yake, alikaa nyuma yangu amefungwa, mikono mapajani, na hakukigusa kitufe. Siku ya kwanza niliendesha nikimchungulia kwenye kioo. Baada ya wiki mbili niliendesha nikiimba. Yule dereva wa taxi alisimama kando yangu kwenye roboti, akalitazama lile gauni kwa muda, kisha akaniuliza, "Sisi, huyu mama wa mbele alipatwa na nini?"

Mwisho wa muhula ulipokaribia, mwalimu mkuu alisema kwamba haridhiki na kufika kwetu mapema. Bi Nomvula lazima asafiri nasi tangu nyumbani mpaka getini na aone mwenyewe. Asubuhi hiyo Mama Plamedi alizima pasi, akavaa nguo yake ya kanisa na akasema anakuja pia. Alikuwa hajawahi kumsindikiza mtoto shuleni asubuhi, kwani saa zile wateja walikuwa wakija. Bi Nomvula alifika, akakagua kiti, akavuta mkanda, akafungua mlango wa mbele ili akae. Plamedi aliinua mkono wake mfupi. "Kuna mtu," alisema.

Bi Nomvula alilitazama gauni. Gauni, kwa kadiri nilivyoona, halikutikisika. Akafunga mlango taratibu, akazunguka, akajibana nyuma upande wa kushoto, Mama Plamedi katikati, Plamedi kulia nyuma yangu, wote wakajifunga, na gari la Fiston likashuka kidogo kwa uzito wa jambo lenyewe. Kwenye kioo niliona midomo ya Mama Plamedi ikisali, macho yake yakiwa kwenye kidole cha mtoto wake, na nikajua alichokuwa akikiona: kitanda cha Plamedi kikiwa kitupu.

Tulikuwa tumeshafika barabara kubwa, karibu na shule, taxi moja ilipokatiza mbele yangu kumchukua abiria aliyeinua kidole. Nilipiga breki. Sisi wanne mikanda ilitushika. Gauni, ambalo lilikuwa limekataliwa mkanda kwa sababu za kitaaluma, liliruka kutoka kwenye mto wa kichwa, likagonga dashibodi na kuanguka chini, kifudifudi, penye mchanga na ganda la ndizi. Nyuma yangu nilisikia sauti moja niliyokuwa naijua kuliko sauti yangu mwenyewe. Klik.

Niliwasha taa za hatari, nikaegesha kando, nikageuka nikiwa nimeshaandaa maneno ya kumtetea. Plamedi alikuwa amekaa. Mkanda wake ulikuwa umemkaa begani na nyongani kama katika picha za mafunzo. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe chekundu, kimetulia, hakijabonyeza. Na macho yake yalikuwa yamemtoka, yakimtazama mama yake, ambaye alikuwa amejifungua, amepenya katikati ya viti viwili vya mbele mpaka kiunoni, na mkono wake ukikung'uta sketi kwa hasira.

"Mama," alisema Plamedi. "Haibo."

Bi Nomvula alikohoa kidogo. "Sasa nimejua mtoto anakoitoa tabia hii," alisema kwa Kiingereza, kisha akaongeza kwa sauti ya kazini, "Mama, rudi ukae. Gari haliendi."

Sikuwahi kumwona Mama Plamedi akiaibika kabla ya siku hiyo. Alirudi nyuma polepole, mikono mitupu. Gauni lilikuwa bado chini. Aliutafuta mkanda wake, akaukosa, na ni Plamedi aliyeinama kadiri mkanda wake mwenyewe ulivyomruhusu, akauchukua na kumbonyezea mahali pake. Kidole chake kikarudi karibu na kitufe, naye akaliangalia gauni, rinda moja baada ya jingine, yote yamekufa. "Iache," mama yake alimwambia. "Iache, mama. Tutapiga pasi." Sijui alikuwa akimwambia nani. Plamedi alitoa sauti ndefu ya masikitiko, kisha akauweka mkono wake pajani. Niliondoa gari. Gauni lilisafiri kilomita za mwisho likiwa sakafuni, na hakuna mtu aliyeligusa.

Getini Bi Nomvula alishuka, akaliokota, akalikung'uta ganda la ndizi. "Abiria wa mbele hakufunga mkanda," alisema. "Hao ndio wanaoumia." Halafu akamshika Mama Plamedi mkono, akamwambia jambo ambalo nililitafsiri ingawa nadhani halikuhitaji tafsiri: hakuna bweni, mtoto atalala kwao. Mama Plamedi aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayekubali bei. Plamedi alikuwa ameshaingia chumba cha kubadilishia nguo na msaidizi, na alipotoka alikuwa katika gauni lake lililokunjamana, marinda yakielekea kila upande, doa la mchanga kifuani, na alitembea kuelekea darasani akiwa ameinua kidevu.

Mama Plamedi alisimama kando ya gari, amejikaza, akisubiri macho. Uwanja ulikuwa umejaa. Msichana mmoja alikuwa akizunguka akiimba. Mwalimu alikuwa amepiga magoti akifunga kiatu cha mtu. Mvulana kwenye kiti cha magurudumu alikuwa akibishana na mwenzake kuhusu mpira uliokuwa wa nani. Plamedi alipita katikati yao wote. Mmoja alimwambia hujambo, mwingine akamkanyaga, na mlango wa darasa ukafungwa nyuma yake. Mama Plamedi aliendelea kuutazama uwanja, mtoto baada ya mtoto, mwalimu baada ya mwalimu, mpaka nikafungua mlango wa mbele, kiti kikiwa kitupu, nikamwambia twende.

"Hata mmoja?" aliniuliza. Akakaa, akauvuta mkanda wake, akajifunga. Machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini uso ulikuwa wa mshonaji aliyetukanwa. "Hata mmoja hakuangalia? Na ile kola, Dada Prof? Nilishona ile kola siku mbili!"